Nimepangiwa PCM na mekanika inanitisha: nianzie wapi kabla ya kidato cha tano?

"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha nne, nimepata B ya Fizikia na C ya Hisabati, nimepangiwa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na tunaripoti Julai. Kaka yangu anasema mekanika, ile mada ya mwendo na kani, ndiyo inayowakata watu kidato cha tano. Nimeshakariri fomula zote za mwendo, daftari langu lina kurasa nne za fomula tupu. Lakini juzi nimekutana na swali: mpira umerushwa wima kwenda juu, ukifika kileleni mchapuko wake ni kiasi gani? Nikajibu sifuri kwa sababu umesimama. Nikaambiwa ni 9.8. Sielewi kitu kilichosimama kinakuwaje na mchapuko. Jingine ni la mkokoteni: kama kila kani ina mwenzake aliye sawa nayo na anayeelekea kinyume, mkokoteni unatembeaje? Je, nianze kusoma kalkulasi? Nilipie tuisheni ya maandalizi? Nyumbani sina maabara wala vitabu vya maana."

Marahaba. Umeuliza mambo manne, na mawili ya mwanzo ndiyo yenye uzito. Tukiyamaliza hayo, la kalkulasi na la tuisheni litakuwa jepesi.

Unadhani kinachokusumbua ni uchache wa fomula. Sivyo. Mwenye kurasa nne za fomula akajibu sifuri kwenye swali la mpira hakupungukiwa na fomula. Ana picha kichwani inayogombana na fomula zake, na kwenye chumba cha mtihani picha ndiyo hushinda. Usione aibu, picha hiyo karibu kila binadamu anayo. Karibu mwaka 1990 Eric Mazur, anayefundisha fizikia Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, aliwapa wanafunzi wake maswali mepesi ya kani yasiyo na hesabu, yaliyotungwa na watafiti wa Arizona. Vijana waliokuwa wakikokotoa mambo mazito wakayakosa kwa wingi, na mmoja wao akauliza ajibu kama alivyofundishwa au kama anavyofikiri mwenyewe. Na wewe uko hapo hapo: una majibu ya kufundishwa, una na ya kwako, na bado hujawahi kuyakutanisha.

Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna mtego wetu wa ziada, nao ni neno "nguvu". Tunasema mpira umeishiwa nguvu. Gari limekuja kwa nguvu. Umeme leo hauna nguvu. Uji unatia nguvu. Zitazame vizuri sentensi hizo: ya kwanza inazungumzia mwendo uliobaki kwenye mpira, ya pili kasi, ya tatu volti, ya nne nishati. Hakuna hata moja inayozungumzia kani, ile inayopimwa kwa nyutoni. Halafu unaingia darasani, mwalimu anasema "force", kichwa chako kinatafsiri "nguvu", na mzigo wote wa maana zile nne unaingia nao. Ndiyo maana napendekeza uweke neno "kani" kichwani na uliache "nguvu" lifanye kazi zake za mtaani.

Kani ni msukumo au mvuto ambao kitu kimoja kinakifanyia kingine, sasa hivi. Haibebwi, haiwekwi akiba, haiishi taratibu kama mafuta kwenye tangi. Ukipiga mpira, mguu wako unaupa kani kwa muda ule mfupi wanapogusana tu. Mpira ukiachana na mguu, kani ya mguu imekoma pale pale, yote. Kilichobaki kwenye mpira ni mwendo, na mwendo hauhitaji kani ili uendelee. Unapungua kwa sababu nyasi na hewa vinausukuma mpira kinyume. Galileo alilifikia wazo hili akivingirisha mipira kwenye mbao zilizoinama, na Newton akaliweka kuwa kanuni yake ya kwanza mwaka 1687. Kabla yao watu wenye akili sana walifikiri kama unavyofikiri wewe, kwamba kitu kinachokwenda lazima kina kitu ndani kinachokisukuma.

Sasa mpira wako. Tuseme umerushwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, na tuchukue mchapuko wa mvutano, yaani kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde, kuwa 10 badala ya 9.8 ili hesabu isituchoshe. Kila sekunde kasi inapungua kwa 10: baada ya sekunde 1 ni 10, baada ya sekunde 2 ni sifuri, baada ya sekunde 3 ni 10 kwenda chini, yaani −10. Songa karibu na kilele. Sekunde ya 1.9 mpira unapanda kwa 1. Sekunde ya 2.1 unashuka kwa 1. Kutoka +1 kwenda −1 badiliko ni −2, wala si sifuri, na limetokea ndani ya sekunde 0.2. Gawanya: −10. Ni ule ule mchapuko uliokuwepo tangu mpira ulipotoka mkononi, haujakatika hata kidogo.

Kilichokuponza ni neno "umesimama". Mpira haukusimama kama mtu anavyosimama kituoni kusubiri gari. Umeipita sifuri kama unavyovuka mstari, bila kukaa juu yake. Kasi inaeleza kitu kinakwendaje sasa, mchapuko unaeleza kasi hiyo inabadilikaje, na jibu la swali la kwanza halikupi la pili. Daladala inayoanza kuondoka kituoni, kwenye nukta ile ya kwanza kasi yake ni sifuri, lakini ukiwa umesimama bila kushika bomba utaujua mchapuko wake. Jaribu pia kwa njia ya kinyume: kama mchapuko kileleni ungekuwa sifuri, kasi isingebadilika, ingebaki sifuri, na mpira ungening'inia hewani kama taa. Na ukiuliza kwa kani ni rahisi zaidi. Nani anauvuta mpira kileleni? Dunia. Je, dunia iliacha kuuvuta kwa heshima ya kilele? Haikuacha.

Kosa la alama za kujumlisha na kutoa linatoka humo humo. Tuseme mpira huo umerushwa juu kutoka paa la jengo la mita 25, na unatakiwa utafute muda hadi ufike chini. Wengi huandika 25 mahali pa umbali, wanapata mlinganyo usio na jibu, kikokotoo kinagoma, na wanaanza kulaumu kikokotoo. Ukiamua juu ni chanya, basi ardhi iko −25. Andika −25 = 20t − 5t², ipange iwe t² − 4t − 5 = 0, unapata t = 5 au −1. Sekunde 5. Hakiki kwa njia ya miguu: sekunde 2 kupanda mita 20, halafu kuanguka mita 45, sekunde 3. Zimelingana. Ule uamuzi wa "juu ni chanya" uandike pembeni mwa ukurasa kabla hujagusa fomula, na usiubadili katikati ya njia kwa sababu mpira umeanza kushuka.

Tuje kwenye mkokoteni, swali ambalo limewatoa jasho wengi. Kanuni ya tatu ya Newton huimbwa darasani kama shairi, kila tendo lina mrejesho ulio sawa na kinyume, na wimbo huo unaacha nje jambo muhimu kuliko yote: kani hizo mbili ziko kwenye vitu viwili tofauti. Mtu anavuta mkokoteni mbele, mkokoteni unamvuta mtu nyuma. Moja iko juu ya mkokoteni, nyingine iko juu ya mtu. Haziwezi kufutana kwa sababu hazikutani mahali pamoja, kama vile deni langu haliwezi kulipwa na pesa iliyo mfukoni mwako.

Tupige hesabu. Mkokoteni na mzigo wake ni kilo 200. Magurudumu na barabara vinauzuia kwa nyutoni 150. Mvutaji ana kilo 60, na wanaanza kuondoka kwa mchapuko wa 0.25. Chora mkokoteni peke yake. Ili uchapuke hivyo unahitaji kani halisi, ile inayobaki zikishatoana, ya kilo mara mchapuko: 200 × 0.25, yaani nyutoni 50, na kuna 150 zinazourudisha nyuma, kwa hiyo mtu lazima auvute kwa 200. Sasa chora mtu peke yake. Mkokoteni unamvuta nyuma kwa 200 zile zile. Yeye naye anachapuka kwa 0.25, hivyo anahitaji 60 × 0.25, yaani nyutoni 15 zaidi kwenda mbele. Nani anampa? Ardhi. Nyayo zake zinaisukuma ardhi nyuma kwa 215, ardhi inamsukuma mbele kwa 215. Ndiyo sababu kwenye tope au kigae chenye maji mvutaji huteleza na mkokoteni hauondoki, hata awe na misuli ya namna gani. Mwisho uvichore vyote viwili kama kitu kimoja cha kilo 260: 215 mbele, 150 nyuma, zinabaki 65, gawanya kwa 260, unapata 0.25. Zile 200 hazionekani kabisa kwenye mchoro huu wa tatu, maana sasa ziko ndani ya kitu chenyewe.

Ukiielewa mistari hiyo, umeshika zaidi ya nusu ya mada ya kanuni za Newton utakayoikuta kidato cha tano. Lifti, magari yaliyounganishwa na kamba, ndoo mbili juu ya kapi, yote ni mkokoteni huu huu umevaa nguo nyingine.

Kazi ninayokupa basi ni kuchora. Chukua daftari jipya, lile la fomula lifunge kwanza. Kila tatizo, kabla ya namba yoyote, chagua kitu kimoja, kichore kama nukta au boksi, halafu weka mishale ya kani zinazokigusa kitu hicho tu. Kila mshale uandikie anayesukuma au kuvuta: dunia, meza, kamba, ardhi, hewa. Mshale usio na mwenyewe ufute. Hapo ndipo ule mshale maarufu wa "nguvu ya mwendo" unaoelekea mbele hufa, kwa sababu utatafuta mwenyewe hutampata. Mvutano wa dunia ndio pekee unaoruhusiwa kufanya kazi bila kugusa, mpaka mtakapofika kwenye umeme na sumaku. Mchapuko usiuchore kama kani. Uweke pembeni ya mchoro kwa mshale wa rangi nyingine, maana huo ni matokeo.

Tatizo litakalokujaribu mapema ni la mteremko. Gunia la kilo 50 limelala kwenye ubao wa kupakilia lori ulioinama nyuzi 30. Dunia inalivuta wima kwa nyutoni 490. Ubao unalisukuma kwa pembe mraba na uso wake. Msuguano unalishika kuelekea juu ya ubao. Mishale mitatu, basi. Badala ya kung'ang'ania mlalo na wima, geuza mihimili ilingane na ubao, kisha ule mvuto wa dunia ugawe: 490 × saini 30 kufuata ubao, ambayo ni 245, na 490 × kosaini 30 kuukandamiza ubao, ambayo ni 424. Wanafunzi husahau ipi saini ipi kosaini. Usikariri. Jiulize ubao ukilazwa kabisa chini inakuwaje: gunia haliteremki, kwa hiyo inayofuata ubao lazima iwe ile inayokuwa sifuri kwa nyuzi 0, yaani saini.

Hapo hapo kuna makosa mawili ambayo wasahihishaji wanayajua kwa sura. La kwanza ni kuandika kwamba ubao unalisukuma gunia kwa 490, "kwa sababu ni sawa na uzito". Msukumo wa uso unaobeba kitu si pacha wa uzito. Unalingana na uzito pale tu kitu kinapolala kwenye uso ulio sawa, hakichapuki wima, na hakuna anayekikandamiza au kukiinua. Weka kitabu mezani ukikandamize kwa kiganja: uzito wa kitabu haujaongezeka, msukumo wa meza umeongezeka. Pacha halisi wa uzito wa kitabu ni kitabu kuivuta dunia juu, na huyo anaonekana kwenye mchoro wa dunia. La pili ni msuguano. Tuseme kizio cha msuguano kati ya gunia na ubao, yaani namba inayoonyesha nyuso mbili zinashikana kiasi gani, ni 0.6. Wengi huzidisha 0.6 kwa 424, wanapata 255, wanaandika msuguano ni 255. Zidisho hilo linakupa kikomo, kiasi kikubwa kabisa ambacho msuguano unaweza kufika kabla gunia halijateleza. Gunia linahitaji 245 tu ili litulie, kwa hiyo msuguano unatoa 245. Ungekuwa 255 kweli, gunia lingeanza kupanda lenyewe kuelekea kwenye lori, na wapagazi wote wangekosa kazi.

Halafu kikokotoo. Piga saini 30 sasa hivi. Ukipata 0.5, sawa. Ukipata −0.988, kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe, na utapoteza maksi za swali zima ukiwa umeelewa kila kitu. Fanya jaribio hilo kila unapokiwasha, maana kwenye mwendo wa mtetemo mtatumia radiani kweli na ni rahisi kusahau kurudi.

Nije kwenye hisabati, na hapa nitakuwa mkweli kwako. B ya Fizikia hainitishi, ile C ya Hisabati ndiyo ningeanza nayo kesho asubuhi. Chukua fomula ya pendulamu, yaani kitu kinachoning'inia kwenye uzi na kubembea: T = 2π√(l/g), T ikiwa muda wa mzunguko mmoja, l urefu wa uzi na g mchapuko wa mvutano. Uifanye l iwe pekee upande mmoja. Ukifika kwenye l = gT²/4π² ndani ya dakika moja bila kufuta, uko salama. Ukikwama kwenye kuondoa kipeo cha pili, au ukizidisha upande mmoja na kuusahau mwingine, kaka yako hatakuwa amekudanganya: utakatwa, na watu watasema ni mekanika wakati ni aljebra. Rudia kubadilisha kiini cha fomula, milinganyo ya pamoja, saini na kosaini za pembetatu, vipeo, na kuandika namba kwa vipeo vya kumi. Na vipimo: kilomita kwa saa gawanya kwa 3.6 upate mita kwa sekunde, na sentimita ya mraba moja ni 0.0001 ya mita ya mraba, wala si 0.01.

Kalkulasi basi? Ndiyo, lakini kidogo, na kwa mlango wa grafu. Chora grafu ya kasi dhidi ya muda kwa kitu kinachochapuka sawasawa: ni mstari ulionyooka. Mteremko wa mstari ni mchapuko. Eneo lililo chini yake ni umbali, na umbo lake ni trapeza: nusu ya jumla ya kasi ya mwanzo na ya mwisho, mara muda. Weka v = u + at ndani yake na s = ut + ½at² inajitokeza yenyewe. Ukiiona ikizaliwa hivyo utakumbuka pia kwamba inafaa pale tu mchapuko hausogei. Kwa pendulamu, springi, au mwendo wa duara inakufa kabisa, na kuna watu wanaitumia humo mpaka kidato cha sita. Kisha jifunze kutafuta mteremko wa 20t − 5t², ambao ni 20 − 10t, uulinganishe na mpira wetu wa juu. Ukiweza hilo, pamoja na la saini na kosaini, kwa sasa inatosha. Mengine utayapata kwenye Hisabati ya PCM yenyewe, na kuyakimbilia kabla aljebra haijatulia ni kupaka rangi ukuta ambao haujapigwa plasta.

Umesema huna maabara. Kwa mekanika una uzi, nati na simu, inatosha kutengeneza pendulamu na kupima g. Tafuta nati ya chuma au jiwe dogo gumu, uzi wa nailoni usiovutika, na mahali pa kufungia pasipotikisika. Msumari ulio kwenye fremu ya mlango unafaa, tawi la mti halifai. Pima mita 1.00 kutoka pale uzi unapoanzia kucheza hadi katikati ya nati. Vuta nati pembeni isizidi sentimita 17, maana zaidi ya hapo pembe inapita nyuzi 10 na fomula inaanza kusema uongo. Iachie bila kuisukuma. Weka alama ukutani nyuma ya sehemu ya chini kabisa, hesabia hapo, kwa sababu hapo nati hupita haraka na jicho halibabaiki. Pima muda wa mizunguko 20 ya kwenda na kurudi. Unapaswa kupata sekunde 40 hivi. Rudia kwa mita 0.40, 0.60, 0.80 na 1.20, ukipunguza mvuto wa pembeni kadiri uzi unavyofupika ili pembe isipite nyuzi 10; kwa 0.40 tegemea kama sekunde 25.4.

Kwa nini 20, isiwe mzunguko mmoja? Kidole chako huchelewa au kuwahi kwa kama sekunde 0.2. Kwenye mzunguko mmoja wa sekunde 2 hilo ni kosa la asilimia 10. Kwenye sekunde 40 ni nusu ya asilimia. Chora T² dhidi ya l, mteremko utoke karibu na 4.03, na g ni 4π² gawanya kwa mteremko huo.

Jibu likitoka baya, baya lenyewe litakuambia kosa lilipo. Ukipata g ya karibu 10.9, ulianza kuhesabu kwa "moja" ulipobonyeza saa badala ya "sifuri", kwa hiyo ulipima mizunguko 19 ukadhani ni 20. Mstari wa grafu usipopita kwenye sifuri lakini mteremko uko sawa, ulipima urefu hadi juu ya nati badala ya katikati yake, na grafu imekuokoa, ndiyo faida ya kuchora kuliko kutegemea kipimo kimoja. Ukiona nati inazunguka kama yai badala ya kwenda na kurudi, uliisukuma wakati wa kuiachia. Andika yote haya kwenye daftari. Mtihani wa vitendo wa kidato cha sita unataka maelezo ya namna hii hii, na wengi hufika huko hawajawahi kujua kwa nini walikuwa wanahesabu 20.

Vitabu si tatizo kubwa kama unavyoona. Kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure. Zimeandikwa kwa Kiingereza, zinaonyesha swali, jibu zuri na jibu bovu la mtahiniwa halisi. Soma majibu mabovu kwanza, jaribu kutafuta kosa kabla ya kusoma maelezo. Kama kuna maktaba ya mkoa karibu nawe, kakae humo mara mbili kwa wiki na kitabu chochote cha mekanika cha kidato cha tano. Saa moja na nusu kwa siku, matatizo sita yaliyochorwa vizuri, yatakufaa kuliko thelathini uliyoyabandikia fomula.

Tuisheni ya maandalizi ni suala la nani anasahihisha. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: mko wangapi, na je, kuna mtu anayeishika kazi yangu akaniambia mshale huu hauna mwenyewe? Darasa la watu themanini ambalo mwalimu anaandika notsi ubaoni na ninyi mnanakili litakupa kurasa nyingine nne za fomula, na hizo unazo. Faida yake ni kwamba linakutoa nyumbani na kukupa marafiki wa kusoma nao, sitaidharau. Lakini kama pesa ni ya kubana, ningeitumia kwa mwalimu wa Hisabati, wewe na wenzako wawili mkichangia saa mbili kwa wiki. Video za mtandaoni zinasaidia kuona mwendo, ila kuangalia mtu akitatua si kutatua. Simamisha video kabla ya jibu, uchore mwenyewe kwanza.

Kuna hali mbili ambazo maandishi yangu hayatakufikisha, itabidi ukae na mwalimu ana kwa ana. Ukiwa umechora kwa wiki mbili na bado mshale wa mbele usio na mwenyewe unakurudia, mpelekee mwalimu wako wa zamani wa Fizikia michoro kumi uliyoikosa. Ataona ndani ya dakika chache kitu ambacho mtu asiyekuona ukichora hawezi kukiona. Na kama lile zoezi la kugeuza fomula ya pendulamu kwa dakika moja linakushinda hata baada ya mwezi wa mazoezi, zungumza na mwalimu wa taaluma mapema, wiki za mwanzo baada ya kuripoti, kuhusu msaada wa Hisabati au hata tahasusi nyingine. Wanaongojea mpaka matokeo ya mtihani wa mwisho wa muhula huwa wameshaachwa na mada tatu, na kubadilisha tahasusi wakati huo huwa ni vigumu.

Kwa leo, chora gunia juu ya ubao, kisha ongeza mtu anayelisukuma kupanda kwa mwendo usiobadilika, kani yake ikifuata ubao, kizio cha msuguano kikiwa 0.4 wakati linateleza. Mishale ni minne, na ule wa msuguano sasa umegeuka. Ukipata kwamba anasukuma kwa nyutoni 415 hivi, endelea na daftari. Ukipata 75, umeuacha msuguano kwenye upande wake wa zamani.